Nyasi za Shule Zisinyweshwe kwa Vichwa vya Watoto

Mwezi wa Januari unapoingia, shule zetu hapa Rangwe hufunguliwa wakati ule ule ambapo mbingu hujifunga. Mvua za vuli zimekwisha kupita, za masika hazijafika, na kuanzia Kochia hadi Kagan, kutoka Gem Mashariki hadi Gem Magharibi, upepo hupeperusha vumbi jekundu na jeusi kulingana na udongo wa mahali. Ni katika majuma hayo ambapo hutendeka jambo lililozoeleka mno hata halimshangazi mtu. Siku ya kwanza ya muhula wanafunzi huamriwa kuja na fyekeo, wakazifyeka nyasi zilizoota wakati wa likizo mpaka udongo uonekane. Majuma mawili baadaye nyasi zile zile zinapoanza kukauka, huamriwa kuja na maji ili zisife. Mkono wa kulia unaua, wa kushoto unaitwa kuponya, na maji ya kuponyea hubebwa na mtoto kichwani.

Nimewahi kushika chaki kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najua jinsi mazoea haya yanavyoanza. Hakuna mwalimu mkuu anayeamka asubuhi akiazimia kuwatesa watoto. Anachotaka ni shule ionekane nadhifu. Anajua kwamba mgeni akifika langoni, jambo la kwanza atakalolitazama si daftari la mwanafunzi bali ni uwanja wa mbele ya ofisi, pale penye mlingoti wa bendera, mawe yaliyopakwa chokaa na kibao cha kuwakataza watu wasikanyage nyasi. Basi uwanja huo hunyweshwa hata kama mapipa ya kunawia mikono karibu na vyoo ni matupu. Hilo ndilo ninalolipinga katika makala haya, na nalipinga kwa hoja mbili ambazo kwa kawaida haziendi pamoja: kwamba maji hayo hayamfai mtoto, na kwamba hayazifai hata nyasi zenyewe.

Asinielewe mtu vibaya akadhani kwamba naupigia debe uwanja mtupu. La hasha! Wako wanaosema kuwa nyasi ni fahari ya mzungu, na kwamba dala ya Mjaluo tangu jadi ilikuwa na ua uliofagiliwa ukang'aa. Ni kweli, na wazee walikuwa na sababu zao. Ua mtupu humfichua nyoka kabla hajafika mlangoni, na mtu akidondosha sindano au punje ya mtama anaiona. Lakini ua wa zamani ulikuwa sehemu ndogo mbele ya nyumba, na nje ya sehemu hiyo palikuwa na malisho, vichaka na ua wa miti. Uwanja wa shule ya leo una ekari kadhaa na unakanyagwa na mamia ya miguu kila siku. Uwanja wa namna hiyo ukiachwa uchi, kila ufagio unaopita huondoa tabaka jembamba la udongo, na kila mvua ya Aprili huchukua lililobaki. Atakaye ushahidi na aitazame mizizi ya miti katika shule iliyofagiliwa kwa miaka mingi, jinsi ilivyosimama juu ya ardhi kama vidole vya mzee, au auangalie msingi wa darasa ulivyochimbika hata paka aweza kulala chini yake. Udongo huo haurudi; uko mitoni, na kutoka mitoni uko ziwani.

Nyasi huyazuia hayo yote bila mshahara. Jani huvunja nguvu za tone la mvua, mzizi hushika udongo, na maji yanayopita juu hupunguza mwendo yakapata nafasi ya kuzama. Vumbi haliingii darasani kumkohoza mwanafunzi, na mtoto akianguka akicheza, goti halichubuki sana. Kwa hiyo swali letu si kama tuwe na nyasi au tusiwe nazo. Swali ni nyasi gani, nani azinyweshe, na kwa maji gani.

Yafaa tukumbuke picha hii ya bustani ya kijani kibichi mwaka mzima ilikotoka. Ilizaliwa Uingereza, nchi yenye baridi ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Kwa muda mrefu nyasi za huko zilikatwa kwa mundu mrefu au kuachiwa kondoo, hadi mwaka 1830 ambapo Edwin Budding, fundi wa mji wa Stroud, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi. Tangu hapo hata mtu wa kipato cha wastani akaweza kuwa na uwanja uliosawazishwa kama mkeka. Waliponyeshwa mvua ya bure, Waingereza hawakuwa na haja ya kuuliza maji yatatoka wapi. Maofisa na wamisionari walipokuja kwetu waliibeba picha hiyo, lakini mawingu yake waliyaacha kwao. Katika makao ya maofisa wa serikali kazi ya mawingu ilifanywa na watumishi na wafungwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 tulirithi majengo, tukarithi bendera mpya, na picha ya uwanja wa kijani ikabaki ukutani katika fikira zetu, ila sasa mawingu yakawa ni wanafunzi.

Kuna kinyume kimoja hapa kinachostahili kufundishwa darasani. Wakati picha ya uwanja ilikuwa ikisafiri kutoka Ulaya kuja Afrika, nyasi zenyewe zilikuwa zikisafiri kutoka Afrika kwenda ulimwenguni. Ile iitwayo nyasi ya Kikuyu ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Imepandwa Australia, Afrika Kusini na Marekani, na jina la watu wa milima yetu limekwenda nayo. Huko Marekani imestawi kupita kiasi hata ikaingizwa katika orodha ya taifa ya magugu hatari. Nayo nyasi itambaayo ambayo Waswahili huiita ukoka, ambayo wakulima wetu huilaani kila msimu wa palizi, ina jamaa zake katika viwanja vya gofu na kandanda vya nchi nyingi za joto. Mwaka 1960 mtaalamu Glenn Burton, aliyefanya kazi Tifton katika jimbo la Georgia, alitoa aina iitwayo Tifway iliyotokana na ukoka wa kawaida na jamaa yake wa Afrika Kusini. Na mwaka 1967 akatoa nyasi ya malisho, Coastcross-1, ambayo mmoja wa wazazi wake ulitoka hapa Kenya. Mwanafunzi wa Rangwe anayeung'oa ukoka kama adhabu saa tisa alasiri huenda jioni akautazama jamaa yake kwenye televisheni, ukikanyagwa na wachezaji wanaolipwa mamilioni.

Sasa tuingie katika hesabu, maana hapa ndipo mazoea yetu yanapoanguka. Walimu wa hisabati na wanishike mkono.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni sawasawa na lita 1 ya maji. Hiyo ni kanuni rahisi na mtoto wa darasa la tano anaweza kuithibitisha. Washauri wa bustani katika nchi nyingi hupendekeza nyasi zinazotakiwa kubaki kijani wakati wa joto zipewe kama milimita 25 kwa juma. Chukua basi kiwanja kidogo cha mita 10 kwa 10 kuuzunguka mlingoti wa bendera. Ni mita 100 za mraba, mara milimita 25, jawabu ni lita 2,500. Gawanya kwa mtungi wa lita 20, utapata mitungi 125. Kila juma! Na kama uwanja wa mbele ya ofisi ni mita 20 kwa 15, kama ulivyo katika shule nyingi, mitungi inakuwa 375. Shirika la Afya Duniani huchukulia lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha msingi cha maji ya kunywa, kupikia na kunawa. Kumbe kile kiwanja kidogo cha bendera peke yake hunywa maji ya siku nzima ya watu 125.

Hakuna shule inayoleta mitungi 375 kwa juma kwa ajili ya nyasi, nami najua. Kinacholetwa ni vimtungi vya lita 5, kimoja kwa mtoto, mara moja au mbili kwa juma. Hapo ndipo msiba ulipo. Lita 5 zikimwagwa vizuri kabisa juu ya mita moja ya mraba ni milimita 5 tu, na katika siku kavu ya Februari, jua na upepo wa ukanda wetu vyaweza kuvukiza kiasi kinachokaribia hicho kabla ya magharibi. Na mtoto hamwagi kwenye mita moja. Hunyunyiza huku akitembea, ili kila mahali paonekane pamelowa. Maji yale hulowesha unene wa ukucha, yakarudi angani. Yaani mtoto amekwenda kisimani au mtoni, amepanga foleni, amejitwika kata na mtungi, amechelewa kipindi cha kwanza, na ifikapo saa kumi hakuna hata tone la kazi yake lililofika kwenye mzizi.

Tena kuna ubaya zaidi ya kupotea. Mzizi hufuata maji. Nyasi inayonyunyizwa kidogokidogo kila siku hujifunza kuweka mizizi yake juu juu, pale penye unyevu wa bure, na siku mnyunyizaji akikosa kufika, kwa mfano likizo ya Aprili ikianza na mvua ikachelewa, hukauka upesi kuliko ile ambayo haikunyweshwa kabisa. Ndiyo sababu wajuzi wa kazi hii husisitiza kwamba kama ni lazima kunywesha, basi inyweshwe kwa nadra lakini kwa kina, alfajiri kabla ya jua kuwa kali, hadi unyevu ufike kiasi cha shubiri moja chini. Kupima si jambo la mashine. Chomeka bisibisi ndefu au ncha ya panga ardhini: pale penye unyevu itapita, pakavu itagoma. Na anayetumia mpira wa maji nyumbani aweke mikebe mitupu uwanjani, aone ni muda gani unahitajika mpaka ijae kimo cha sentimita mbili na nusu.

Udongo nao una tabia zake. Sehemu za chini kuelekea ziwani zina ule udongo mweusi mzito wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa kiangazi hata mguu wa mbuzi waweza kuzama. Udongo huu huyapokea maji polepole. Ukimwagiwa mengi kwa pamoja, hutuama juu au hutiririka. Sehemu za juu zenye udongo mwekundu huyameza maji haraka. Mwalimu aliyefunzwa kazi mahali pengine akahamishiwa kwetu hawezi kuja na kanuni moja ya kutumika kote, naye mwanafunzi wa Kilimo akiambiwa alinganishe udongo wa aina hizi mbili kwa kopo lililotobolewa chini, atajifunza zaidi ya kurasa kumi za kitabu.

Je, tufanye nini? Rai yangu ni kwamba uwanja wa Rangwe unyweshwe na mvua, na kazi ya binadamu iwe ni kuchagua nyasi, kuchagua wakati na kuchagua kimo.

Kuhusu nyasi, sioni mshindani wa ukoka. Nyasi ya Kikuyu ni nzuri, nene na laini, lakini kwao ni milimani, kwenye kimo cha mita 2,000 na zaidi, penye ubaridi na mvua nyingi. Uso wa Ziwa Viktoria uko kwenye mita 1,134 hivi, nasi tumekaa juu yake kidogo tu. Anayeileta nyasi hiyo kwetu ameleta mgeni atakayedai maji kila kukicha. Nyasi ya Pemba, yenye majani mapana, inapendeza sana katika bustani za pwani zenye kivuli na unyevunyevu, na huko ikae. Ukoka haukuletwa na mtu. Uko kando ya njia, uko kwenye kingo za mashamba, unakanyagwa na ng'ombe na haulalamiki. Kiangazi kikiwa kikali, majani yake hukauka yakawa rangi ya manjano, lakini mashina yake yaliyo chini ya ardhi hubaki hai kwa majuma mengi yakisubiri. Mvua ya kwanza ikinyesha, unachipua. Kukauka huko ni usingizi, wala si kifo, na mtu anayemwamsha mgonjwa aliyelala ili ampe dawa ya usingizi hana tofauti na sisi tunaobeba maji Februari kuuamsha ukoka.

Kuhusu wakati, kosa kubwa ni kufyeka Januari. Nyasi zilizorefuka wakati wa vuli ndizo blanketi la udongo katika miezi mikavu. Tunaliondoa blanketi hilo siku ile ile linapohitajika, kwa sababu tu kalenda ya shule inaanza mwaka hapo. Laiti ufyekaji mkubwa ungefanywa Oktoba na Novemba mvua ikingalipo, na Januari ikaachiwa kupunguza tu njia, pembezoni mwa madarasa na karibu na vyoo, mahali ambapo hofu ya nyoka ina haki yake! Upandaji nao ungojee masika yashike, mwezi wa Aprili. Vipandikizi vya ukoka vikatwe vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, vizikwe kwa umbali wa shubiri moja, udongo ukanyagwe uvishike. Majuma mawili au matatu ya kwanza ndiyo pekee ninayokubali mtu abebe maji, iwapo mvua itakatika ghafla. Na hapo nasema mtu, sisemi mtoto.

Ama kimo, ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Jani ndilo jiko la mmea. Ukiliondoa lote, mmea hula akiba iliyoko mizizini, na ukifanya hivyo mara kwa mara akiba huisha. Kanuni ya wakulima wa bustani ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kwa fyekeo zetu, nyasi zibaki kimo cha vidole vitatu au vinne. Vilivyokatwa visichomwe wala visirundikwe nyuma ya jiko. Vikiachwa palepale huoza na kurudisha mbolea ardhini, na kwa majuma machache hukinga udongo dhidi ya jua. Ndago ing'olewe na viazi vyake, maana aikataye juu ameizidishia nguvu. Samadi ya ng'ombe iliyooza, ikitandazwa kwa uchache mwanzoni mwa mvua, inatosha; fedha za mbolea ya chumvichumvi ziende kwenye shamba la mahindi.

Nimesema mtoto asibebe maji ya nyasi. Hapa niongeze neno kuhusu adhabu, ingawa najua litawachoma baadhi ya wasomaji. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili. Katika shule kadhaa fyekeo limechukua nafasi ya kiboko. Aliyechelewa apewe kipande cha kufyeka, aliyeongea Dholuo darasani apewe kipande, aliyekosa jumla apewe kipande kikubwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba kijana anamaliza kidato cha nne akiwa anajua jambo moja tu kuhusu nyasi: kwamba ni jela. Halafu tunashangaa kwa nini anakimbia shamba! Kijana huyo huyo angeweza kufundishwa kuwa nyasi ni jamaa za mahindi, mtama, wimbi, mpunga na miwa, yaani karibu kila kitu anachokula. Na kwamba anayejua kuutunza ukoka amekwisha kujua nusu ya kulitunza shamba. Vyama vya 4K vilifufuliwa katika shule mwaka 2021, na mwito wake ni kuungana, kufanya, kusaidia Kenya. Uwanja wa shule ungekuwa mahali pazuri pa vyama hivyo kuanzia, penye vipande vinne vya majaribio: kimoja kimefyekwa hadi chini, kingine kimeachwa kirefu, cha tatu kimenyunyizwa kidogokidogo, cha nne hakikuguswa. Mwezi wa Machi wanafunzi wenyewe watatoa hukumu.

Wala si shule peke yake. Majumbani nako kuna mtindo mpya. Mwana aliyeko Nairobi au ng'ambo hujenga nyumba ya mawe katika dala ya baba yake, akaagiza nyasi kwa lori kutoka kwa wauza miche, akaitandika, akapiga picha, akarudi kazini. Anayebaki na nyasi ni mama mzee na kijana wa kazi, na tangi la maji ya mvua lililokusudiwa kunywewa kiangazi huisha Januari kwa sababu ya mpira wa maji. Mwana huyo ningemkumbusha jambo moja ambalo hapa kwetu halihitaji maelezo marefu. Katika dala kuna siku za harusi na kuna siku za matanga. Siku hizo hema hupigwa, magari huegeshwa, mamia ya watu hukaa kwa siku kadhaa. Nyasi laini ya kuagiza haiwezi kustahimili siku moja ya namna hiyo. Ukoka hustahimili, na mwezi mmoja wa mvua hufuta nyayo zote. Hata ndama na kondoo wakiachiwa jioni, hushiba na kuupunguza kwa kimo kinachofaa bila mashine ya petroli. Na kama mama ana maji aliyofulia au kuoshea vyombo, hayo ndiyo ya kumwagia miche michanga, akibadilisha mahali kila siku ili sabuni isijazane pamoja.

Kuna wanaotetea kufyeka hadi chini kwa hoja ya malaria, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa katika kaunti yetu, ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa kwa Kenya nzima tarehe 13 Septemba 2019. Lakini tuseme ukweli wa sayansi. Mbu wa malaria hutaga mayai majini, na buu wake huishi majini. Hapendi zaidi ya vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani. Nyasi ndefu zaweza kumpa mbu mzima kivuli cha kupumzikia, kwa hiyo ni busara kuzipunguza karibu na madirisha ya mabweni. Lakini anayemwaga maji kila siku juu ya udongo mweusi usiomeza, akaacha alama za kwato na nyayo zikiwa zimejaa, ndiye anayemlea mbu.

Watu wenye fedha kutuzidi wamekwisha kulazimika kufikiri upya. Cape Town, mji wenye bustani nyingi za nyasi ya Kikuyu, ulikaribia kukaukiwa mwaka 2018. Kuanzia Februari mwaka huo kila mkazi aliambiwa asizidishe lita 50 kwa siku, na maji ya mfereji yakakatazwa kumwagiwa bustani. Huko Nevada, Marekani, bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuondoa nyasi za mapambo tu katika eneo la Las Vegas, zile zisizokanyagwa na mtu isipokuwa yule anayezikata. Mji wa Muscat hunywesha maua na nyasi za kando ya barabara kwa maji taka yaliyosafishwa. Sisi ambao Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, tuna sababu gani ya kuyamwaga kwenye mapambo kabla haki hiyo haijamfikia mwenye kuyabeba?

Paa la mabati la madarasa matatu, lenye mita 200 za mraba, hupokea karibu lita 2,000 kwa mvua moja ya milimita 10. Shule yenye mifereji ya paa na tangi haihitaji kumtuma mtoto mtoni kwa muda mrefu wa mwaka. Lakini maji ya tangi yawe na utaratibu ulioandikwa: kwanza kinywa, pili mikono, tatu jiko, nne kitalu cha miti na mboga. Nyasi hazimo katika orodha hiyo.

Najua mwalimu mkuu atauliza: je, afisa wa elimu akija Februari akaukuta uwanja ni wa manjano, nitamwambia nini? Ni swali la haki, na ndilo linalowatia hofu wengi. Wakuu wa shule za Rangwe wangeweza kulimaliza kwa pamoja, kwa kukubaliana katika mkutano wao na kuziarifu bodi zao na wazazi kwamba kuanzia Januari hadi masika, viwanja vyote vitakuwa vya manjano kwa makusudi. Shule moja ikifanya hivyo itaonekana ya wavivu. Zote zikifanya, ni sera. Na afisa akija, mwanafunzi mmoja aitwe, apewe panga, afukue shubiri moja mbele ya mgeni, autoe ule mzizi mweupe wa ukoka, auvunje, na amwonyeshe maji yaliyo ndani yake.